Waliokula Nyama ya Ntheo

Ndugu zangu, na hasa nyinyi wa huku kwetu Tawa mnaopenda kusema "hayo si yangu", ketini niwasimulie ya Kalekye. Sitatia chumvi. Hadithi yenyewe ina uchungu wa kutosha.

Mnalijua boma la mama Ndunge, lile la kuteremkia mtoni, lenye michungwa. Upande wetu wote hapakuwa na boma tulivu kama lile. Jumamosi mchana ungemkuta mama Ndunge ameketi kando ya ukuta, miguu ameinyoosha, anapukuchua mbaazi na kuwachokoza wapita njia, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Ukipita bila kumsalimia, alikuuliza kwa sauti kama umenunua gari siku hizi. Kalekye alikuwa michungwani na ndoo, akimcheka. Muthoki, binti ya Kalekye aliyekuwa sekondari, alisoma mlangoni, na ndugu yake mdogo Nthiwa alifukuza kuku wasile mbaazi. Mimi nilizoea kupita pale nikitoka sokoni kwenye cherehani yangu, na sikuwahi kuondoka mikono mitupu.

Sasa nieleze jambo moja, kwa ajili ya wasio Wakamba na kwa ajili ya vijana wetu wanaocheka wasichokijua. Mama Ndunge hakujaliwa mtoto, na mumewe, mzee Nthiwa, alifariki mapema. Mila yetu ilimwekea njia mwanamke wa namna hiyo. Aliruhusiwa kuoa. Alitoa mbuzi kama anavyotoa mwanamume, akaleta msichana nyumbani, na watoto ambao msichana yule alizaa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe wakawa watoto wa nyumba ile, wakaitwa kwa jina la marehemu. Mwanamke aliyeolewa hivyo huitwa iweto, na Kalekye alikuwa iweto wa mama Ndunge. Hakuna mambo ya kitandani baina ya hao wawili. Hayo yametungwa na watu wasio na kazi. Na kama ilivyo kwa ndoa yoyote ya Kikamba, kinachofunga ndoa hiyo ni ntheo. Mbuzi hupelekwa kwa kina msichana, mmoja huchinjwa, na pande zote mbili hula pamoja. Kabla ya ntheo unaweza kuishi na mwanamke mpaka mzeeke, na wazee watakuambia huna bibi. Baada ya ntheo, ana kwake.

Ntheo ya Kalekye ililiwa upande wa Mutomo, nyumbani kwa nyanya yake aliyemlea, kwa kuwa hakuwa na wazazi wala ndugu. Nyanya huyo alikufa zamani na boma lake limebaki vichaka. Lakini kutoka kwetu waliokwenda ni watu tunaowajua. Mzee Ndululu wa ukoo wa Nthiwa ndiye aliyekuwa msemaji na ndiye aliyechinja. Musyimi, ambaye leo ni pasta wetu, wakati huo alikuwa kijana wa kuendesha pikapu, na ndiye aliyewapeleka. Nzilani, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikwenda kumsindikiza Ndunge. Na Kivuva, mtoto wa kaka ya marehemu, ndiye aliyewashika mbuzi. Mimi sikuwapo. Niliolewa huku baadaye kutoka Kibwezi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka ikapita, injili ikashika kasi, watu wakaokoka. Musyimi akawa mhubiri, tena mzuri. Alifundisha kwamba iweto ni mambo ya giza, na watu wakayaacha, na walioyashiriki wakaanza kuyasahau kwa bidii. Mama Ndunge na Kalekye walipookoka, kanisa halikujua liwaite nani. Likaamua kuwaita mama na binti. Wao wakakubali, maana walitaka kubatizwa wakae kwa amani. Nani angejua kwamba neno hilo dogo lingekuja kuwatoa nyumbani?

Mama Ndunge akafariki, tukamlilia, tukamzika kando ya michungwa. Wakati wa kutupa udongo, mshereheshaji akawaita jamaa kwa mpangilio, kama ilivyo desturi. Akaanza na Kivuva, aliyekuwa amefika kutoka Sultan Hamud anakofanyia biashara. Wakafuata wake wa ukoo, kisha majirani, kisha kanisa. Kalekye alikuwa amesimama na watoto wake, udongo mkononi, akingoja jina lake. Mwishowe mshereheshaji akasema, "Na sasa tumwite mfanyakazi wa nyumbani, aliyemtunza marehemu kwa uaminifu."

Watu wakaguna. Nilimtazama mzee Ndululu, naye akatazama kofia yake. Pasta akafungua kitabu cha nyimbo. Tuliguna tu, kisha tukaimba, kisha tukala wali.

Wiki haikuisha kabla ya Kivuva kurudi.

"Kalekye," alisema, mguu mmoja bado ndani ya gari, "umefanya kazi mzuri na mama. Familia inashukuru. Sasa vuna hii ndengu yako, halafu utafute kwenu."

"Kwetu ni hapa," Kalekye akajibu. "Wewe unajua vile nilikuja."

"Mimi najua ulikuja kama house girl."

"Kivuva, si wewe ndiye ulishika mbuzi?"

Kivuva akafunga mlango wa gari akaenda zake. Barabara ya lami ilikuwa imekaribia mto, na shamba lile lilikuwa limepata wanunuzi hata kabla ya mwenyewe kupata kaburi.

Kalekye alitaka kwenda kortini siku ile ile. Aliyemzuia ni kanisa. Waumini hawashtakiani, wakamwambia. Leta jambo lako mbele ya kamati. Akalileta. Kamati ikaomba, ikaahirisha, ikaomba tena, ikamsubiri Kivuva ambaye hakuwa hata muumini. Wakati wao wakiomba, Kivuva alikuwa kortini akiomba mirathi, akiapa kwamba marehemu hakuacha mume, wala mtoto, wala mtu. Ndugu zangu, Mungu sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na watu wanaomfanya Mungu awe kisingizio cha kukaa kitako.

Siku moja Kivuva akaleta vijana wenye misumeno. Walikuwa wamekwisha kuangusha michungwa ya ukingoni nilipofika nikitweta. Muthoki alikuwa amekumbatia mti, na kijana mmoja alikuwa akimwomba kwa upole aondoke, maana hata yeye aliona haya. Hapo ndipo nilipomshika Kalekye mkono nikampeleka kwa Wacuka.

Wacuka ni wakili. Watu wake ni Wakikuyu wa Murang'a, lakini amezaliwa Sultan Hamud na anaongea Kikamba kutushinda. Hufika sokoni siku za soko kuwasaidia bure wasio na uwezo. Alimsikiliza Kalekye mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mama Muthoki, sikiza," akasema. "Katiba haisemi haki ni ya mtu mwenye nguvu. Hakuna mtu anaweza kukutoa kwa nyumba bila korti kusema. Hata chifu hawezi. Na ndoa ya kimila ni ndoa. Korti zimewahi kukubali hii ya iweto kwa mambo ya mirathi. Watoto wako wako na haki kama mtoto yeyote."

"Hata kama kanisa inasema ni dhambi?"

"Korti haiulizi dhambi. Inauliza ni nini kilifanyika."

Kalekye akalia, nami nikalia, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu aliyesoma kumwambia kwamba yeye ni mtu.

Na korti ilifanya kazi yake, lazima niseme. Wacuka alipeleka pingamizi, na hakimu akatoa amri kwamba shamba lisiguswe mpaka kesi isikizwe. Vijana wa misumeno waliporudi, polisi wale wale waliokuwa wakimwambia Kalekye kwamba hayo ni mambo ya familia waliwafukuza. Nilimwona Kalekye akipanda maharagwe pale, juu ya mizizi iliyokatwa, akiimba. Nikafikiri tumeshinda.

Lakini Wacuka alikuwa ametuambia jambo, nalo lilikuwa jepesi mno hata tukalidharau. "Neno la Kalekye peke yake halitatosha. Nahitaji mtu mmoja. Mmoja tu ambaye alikula hiyo ntheo, asimame aseme."

Nikaanza kwa Nzilani. Alinikaribisha chai, akanisikiliza, akavuta leso.

"Mama Syombua, unajua msichana wangu anaolewa Desemba. Hao wakwe ni watu wa maombi sana. Wakisikia mimi nilienda kuoza mwanamke kwa mwanamke, watasema nini?"

"Watasema ulisema ukweli."

"Kunywa chai," akanijibu.

Nikaenda kwa pasta. Sitasema Musyimi ni mtu mbaya. Mgonjwa wako atamtembelea, mtoto wako akikosa karo atamchangia. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Nimehubiri dhidi ya hiyo kitu tangu niokoke," akasema. "Sasa nisimame kortini niseme mimi ndiye nilikuwa dereva? Nilikula? Wale vijana ninawafundisha watanisikiza tena?"

"Pasta, hakuna anayekuuliza kama ni vizuri. Unaulizwa kama ilifanyika."

"Yale mambo niliyaacha msalabani. Siwezi kuyafukua."

"Na Kalekye umemwacha wapi?"

 Aliniombea, nikatoka.

Mzee Ndululu ndiye aliyenipa moyo, na ndiye aliyeniumiza zaidi. Nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Nilipomuuliza kama anakumbuka ile ntheo, uso wake ulichangamka.

"Nisahau aje? Mbuzi alikuwa mweusi, ana baka jeupe hapa kwa paji. Mkaidi. Kivuva alishika miguu ya nyuma, akapigwa teke la kifua akaanguka kwa mavi. Wamama walicheka mpaka nyanya ya msichana akashika ukuta." Yeye mwenyewe alicheka hadi machozi. "Figo walimpa Ndunge. Mimi ndiye nilikata."

"Basi mzee, utakuja useme hivyo hivyo."

Akarudi kwenye mpini wake. "Kivuva ni mtoto wa ukoo," akasema. "Siwezi kumpiga mtoto wa ukoo mbele ya Mkikuyu na hakimu."

"Na Nthiwa mdogo, mwenye jina la ndugu yenu, huyo ni wa ukoo gani?"

Aliendelea kuchonga. Lakini Wacuka akasema korti inaweza kumwita kwa lazima, na ikamwita.

Siku ya kesi tulifika mapema. Kalekye alivaa rinda nililomshonea mimi, la buluu, akawavalisha watoto sare za shule ili hakimu awaone. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuandika kila neno. Kalekye alitangulia kueleza yake, kisha nikaitwa mimi. Nilisema yote niliyoyaona: jinsi walivyoishi, jinsi watoto walivyoitwa, jinsi mama Ndunge alivyokuwa akisema "nyumba yangu" akimaanisha Kalekye. Kisha wakili wa Kivuva akasimama.

"Mama, wewe ulikuwa kwa hiyo ntheo?"

"Hapana. Nilikuwa bado sijaolewa huku."

"Na kanisani, Kalekye alijulikana kama nani?"

Nilikuwa nimeapa. "Kama binti."

"Kama mke?"

"Hapana."

"Asante mama. Keti."

Nikaketi, na ulimi wangu ambao haujawahi kunishinda siku hiyo ulikuwa kama mti mkavu.

Mzee Ndululu akaitwa. Alipanda kizimbani polepole, akavua kofia, akashika Biblia, akaapa kusema kweli. Wacuka akamuuliza kwa heshima, kwa Kikamba, mkalimani akitafsiri. Mzee, uliwahi kwenda Mutomo na mama Ndunge kupeleka mbuzi?

Mzee alimtazama Kivuva. Alitazama madirisha. Hakumtazama Kalekye.

"Mimi ni mzee," akasema. "Mambo ya kitambo sikumbuki."

"Hukumbuki kama ulikwenda, au hukumbuki kilichofanyika?"

"Sikumbuki."

Nilisimama. Sikujua hata nimesimama. Askari wa korti akaniambia niketi au nitoke, nikaketi, kwa sababu Kalekye alinivuta rinda. Kivuva naye alipopanda aliongea vizuri sana, kwa Kiingereza, akasema dada huyu alikuwa mfanyakazi mwaminifu na kwamba familia ilikuwa tayari kumpa chochote cha kumsaidia njiani. Alileta na jirani mmoja aliyesema kwamba ndivyo anavyojua na yeye.

Pasta hakufika. Wacuka hakutaka kumwita kwa lazima baada ya kuona ya mzee. Baadaye nilijua alikokuwa. Alikuwa kanisani na akina mama, Nzilani akiongoza, wamefunga kula siku nzima wakimwombea Kalekye ashinde kesi. Mimi nilipoambiwa hivyo nilicheka, na kicheko hicho hakikunifanyia wema wowote.

Siku ya hukumu hakimu alisoma taratibu. Alisema sheria inatambua ndoa ya iweto. Alisema mwanamke aliyeolewa hivyo ni mrithi na watoto wake ni warithi, na hakuna mtu wa kuwadharau. Kalekye alinibana mkono. Halafu akasema kwamba ndoa ya kimila lazima ithibitishwe, na anayedai ndiye wa kuthibitisha, na kwamba mbele yake hakuletwa hata mtu mmoja aliyeona ntheo, ila Kalekye mwenyewe anayedai. Korti, alisema, haiwezi kuhukumu kwa huruma wala kwa kubahatisha. Nilimwona akivua miwani na kumtazama Kalekye. "Mama, kama angekuja mtu mmoja tu," akasema, kisha akatupilia mbali pingamizi letu na kuiondoa ile amri ya kulinda shamba.

Nje Wacuka alituambia kwamba tunaweza kukata rufaa. Kalekye akamuuliza, "Huko juu pia watataka mtu wa kusema alikula?" Wacuka akasema ndiyo. "Basi wacha," Kalekye akasema. "Hao watu ni wale wale."

Hawakungoja. Nyumba ilibomolewa wiki hiyo hiyo, kwa karatasi zote halali, na michungwa ikaangushwa yote, ile iliyozunguka kaburi pia. Vitu vyao vilikaa barabarani: vitanda, mitungi, vitabu vya Muthoki. Pasta Musyimi alikuja na gunia la unga kutoka kwa kanisa, macho yake mekundu.

"Dada Kalekye, kanisa linasimama na wewe," akasema.

Kalekye alimtazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Pasta, rudisha hiyo unga. Mimi sikukuomba chakula. Nilikuomba useme tu."

Unga ulibaki pale pale barabarani. Mzee Ndululu alipita na mbuzi wake, akazungukia mbali.

Sasa Kalekye yuko Sultan Hamud, mji ule ule wa Kivuva, maana ndiko kazi ilikopatikana. Anaosha vyombo kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori hula. Muthoki aliacha shule, anafulia watu nguo. Nthiwa anasoma, lakini amepigana mara nyingi shuleni, kwa kuwa kuna aliyepeleka maneno huko kwamba yeye ni mtoto wa house girl na hajulikani wa nani. Nilipomtembelea Kalekye mwezi uliopita alikuwa amekonda. Nilimuuliza kama anaendelea vizuri na watu.

"Watu huuliza mimi ni wa wapi," akaniambia, mikono ndani ya povu. "Nikisema mimi ni bibi ya Ndunge, nitakuwa mwongo, korti ilisema. Nikisema nilikuwa house girl, nitakuwa mwongo kwa Mungu. Siku hizi nanyamaza tu, Mama Syombua."

 Nikamsaidia kusuuza vikombe.

FUNZO

Wapo wanaotoka na hadithi hii wakisema korti ni bure. Hapana, msinielewe vibaya. Korti ndiyo pekee iliyomwita Kalekye mtu mwenye haki. Ilizuia misumeno wakati sisi tulikuwa tukiguna. Ilikuwa tayari kumpa kwake, na ilitaka kitu kimoja kutoka kwetu, kikawa kizito. Haki za binadamu zimeandikwa katika Katiba, lakini hakimu hakuishi kijijini kwetu na hakula nyama yetu. Anajua tu kile tunachokwenda kumwambia. Tukikaa nyumbani, au tukienda tukasema hatukumbuki, basi ni sisi tuliohukumu, hata kama kalamu aliishika yeye.

Jifunzeni pia kwamba kuionea haya mila ya jana hakumfuti mtu aliyeolewa kwa mila hiyo. Kama mnaona ilikuwa dhambi, itubuni. Msimfanye mwanamke na watoto wake kuwa ndiyo toba yenu. Na mtu akitishiwa nyumba yake, msimcheleweshe kwa vikao vya kanisa wala vya ukoo; mpelekeni kwa wakili mapema, muombe mkiwa njiani.

Na wewe uliyekula mahali fulani, ukaona, ukasikia, siku moja utaitwa. Usitume maombi. Usitume unga. Vaa viatu, nenda, useme ulichokiona.